Wimbo wa Kuikataza Mvua

Niambie kwanza, wewe unayenisikiliza: ukisikia mvua inatajwa kwenye wimbo, unasikia mvua, au unasikia mtu analia?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikiwa na mimba ya miezi mitano na jembe mkononi, na mama mkwe wangu akafa kwa jibu langu. Nitakusimulia yote. Ni habari nzito, lakini mimi kusimulia huku nimenuna siwezi, sikuumbwa hivyo. Hata kwenye msiba huwa wananitoaga jikoni kwa sababu nawachekesha wapishi. Basi nikicheka mahali, usidhani nimesahau.

Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi nasema tu. Shule niliishia darasa la pili, baba akasema inatosha, kuhesabu ng'ombe najua.

Wakati ule tulikuwa ng'ambo ya hapa Mwanza, upande wa Sengerema, kijiji cha karibu na ziwa. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Zamani kila mtu alikaa kwake, na boma lake la ng'ombe na uzio wake wa minyaa, jirani unamuona kwa moshi tu. Serikali ikasema sasa watu wakae pamoja, wapate shule, maji na zahanati. Lori likaja, tukapakia. Mama mkwe wangu alipakia kila kitu isipokuwa jiwe lake la kusagia. Hilo alilibeba mwenyewe kichwani, mwendo wa nusu siku, kwa sababu eti dereva alilitazama vibaya. Ndivyo alivyokuwa. Mfupi, mbishi, macho mekundu.

Macho mekundu kwetu Usukumani ni balaa kwa mwanamke aliyezeeka. Watu wanasema ni ya mchawi. Yake yalikuwa ya moshi tu. Kuni zilikuwa za shida, maisha yake yote alipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wa mavi ya ng'ombe hauna adabu, unakuingia machoni na kujenga humo.

Alinipenda? Sijui. Alinitania asubuhi mpaka jioni. Nikisonga ugali anaugusa kwa kidole anauliza, "Mkwe, huu ni wa kula au wa kukandikia nyumba?" Nikifagia uwanja anasema kuku wanafagia vizuri zaidi. Nilizoea. Siku asiponitania nilikuwa namuuliza kama anaumwa.

Sasa kwenye zahanati ya kijiji alikuwepo mtawa, muuguzi, tukimwita Sista, basi. Alitoka Brazili. Mimi nilidhani Brazili ni mji wa Wazungu, kumbe ni nchi, tena kubwa, na wengine huko ni weusi kama mimi. Yeye mwenyewe alikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilipata kibarua cha kumfulia mashuka ya wagonjwa, na yeye alikuwa anakuja kunisaidia kukamua, maana shuka la maji mtu mmoja haliwezi.

Sista alikuwa na wimbo. Akichemsha sindano anaimba. Akifunga kidonda anaimba. Wimbo ni huo huo. Sauti inapanda polepole, polepole, halafu inaanguka ghafla, kama mtu anayeteremka jabali akakosa pa kukanyaga. Nikaushika wote, maneno ya kwao nikiyatafuna hivyo hivyo bila kuyajua.

Siku moja nikamwambia, "Sista, huo wimbo umeshanikaa kichwani na sijui ni wa kanisani au wa kilabuni."

Akacheka. "Si wa kanisani. Ni wa mama yangu."

Akanieleza, pale pale kwenye karai, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja. Kwao kuna mto mkubwa, ukisimama huku huoni ng'ambo, kama ziwa letu hili, ila lao linatembea. Mvua kule inanyesha mpaka watu wanaichoka. Wanaume wanaingia msituni kutafuta utomvu wa mpira, wanakwenda kwa mtumbwi, wanakaa miezi. Sasa mwanamke amebaki ukingoni peke yake, anaimba. Anaiambia mvua ipite mbali, isishuke kwenye mto wake. Anauambia mto upungue, uoneshe mchanga, mume apate pa kukanyaga akirudi. Kuna ndege mweupe juu ya paa, anamwambia asinyamaze. Na kuna mti ulioangusha maua yote kwa siku moja.

"Lakini mvua siyo mvua," Sista akaniambia. "Mvua ni huzuni. Anaiambia huzuni, usije nyumbani kwangu. Mto ni siku. Siku zinapita, nyingi sana, na mume hayupo. Ndege ni barua. Mti ni yeye mwenyewe, amezeeka kabla ya wakati."

"Na mume alirudi?"

"Wimbo hausemi."

"Na baba yako, Sista?"

Alishika shuka upande wake, mimi nikashika upande wangu, tukalikamua mpaka likakauka.

Basi niliyoambiwa ndiyo hayo. Mimi nikachukua sauti na maneno, maana yake nikaiacha kwenye karai.

Shamba la kijiji lilikuwa la pamba na mahindi, kila nyumba inatoa watu. Na Msukuma halimi kimya. Kunakuwa na manju, yule anayeongoza wimbo, wengine wanaitikia na majembe yanashuka pamoja, ndiyo utaona ekari inakwisha watu hawajajua. Siku hiyo manju wetu alikuwa anaumwa jino, amevimba shavu. Tukalima kimya, majembe hovyo hovyo, kila mtu na lake. Mama mkwe akanigeukia.

"Wewe si unaimba huko kwa mtawa kila siku? Imba hapa. Mdomo ufanye kazi, maana jembe lako halifanyi."

Wanawake wakacheka. Nami nikaimba. Niliugeuza Kisukuma hapo hapo, neno kwa neno. Mvua, pita mbali. Wakaitikia, pita mbali. Usishuke mtoni kwangu. Wakaitikia, usishuke. Ewe mto, pungua, nione mchanga. Wakaitikia, pungua. Na ile sauti ilipofika mahali pake pa kuanguka, majembe yote yakaanguka nayo, puu, ardhi ikatetemeka. Nilifurahi mimi, sitakudanganya. Nilijiona mtu. Hata mama mkwe alisema, "Kumbe kuna kitu kimoja unaweza."

Mbegu zilikuwa bado kwenye magunia. Ardhi ilikuwa kavu, tunangoja mvua za kwanza. Na sisi tumesimama katikati ya shamba, kundi zima la wanawake, tunaiambia mvua ipite mbali. Hakuna aliyeshtuka. Ilikuwa tamu mno. Hazikupita wiki mbili makundi yote yakawa yanauimba, wa huku na wa kule bondeni, na waliokuwa wanakwenda kuchota maji wakaufanya wa njiani.

Mvua ikaja siku moja, ikanyesha kama mtu anayetema mate, ikaondoka. Mbegu zikachipua, zikaungua. Tukapanda tena, zikaungua tena. Ng'ombe wakaanza kulala na kutoamka. Ukaja unga wa msaada, wa njano, tukauita yanga, watu wanaula huku wanasema ni chakula cha farasi. Na kutoka shambani tunaliona ziwa, maji mpaka macho yanachoka, na mahindi yanakufa yanalitazama. Nadhani hilo ndilo lililowatia watu wazimu. Kama ingekuwa jangwa wangevumilia.

Zamani mvua ikikataa watu wanakwenda kwa mtemi. Mvua ilikuwa kazi yake, ikikosekana anaulizwa yeye, na wapo watemi waliofukuzwa kwa ajili hiyo. Lakini watemi serikali ilishawaondoa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na karatasi za pamba, za mbolea na za shule, mvua haikuwa kwenye karatasi zake. Kwa hiyo watu wana njaa, na hakuna wa kumuuliza.

Ilianzia kisimani. Tulikuwa tumekaa tunangoja maji yajae, maana yalikuwa yanatoka kama machozi ya paka. Mama mmoja akasema, polepole tu, "Hivi ule wimbo tuliokuwa tunalimia, ulikuwa unasema nini?"

Kila mmoja akaurudia kimoyomoyo. Niliona midomo inatembea. Halafu niliona inasimama.

Kwetu kuna kosa linaitwa kufunga mvua. Mtu anaifunga kwa dawa, au kwa maneno. Na hakuna kosa kubwa kuliko hilo, maana mwizi anaibia nyumba moja, mfunga mvua anaua kijiji. Nilichukua ndoo yangu nusu, nikaenda moja kwa moja zahanati. Nikamwambia Sista, njoo uwaeleze. Waambie uliyoniambia mimi, kwamba mvua siyo mvua. Ukiwaeleza wataelewa.

Kikao kilikaa kwenye ghala la pamba, maana pamba ya kuweka humo haikuwepo. Mzee aliyeongoza alikuwa mtu mpole, ndiye aliyetugawia mbegu ya mihogo tulipohamia, usimfikirie kama jambazi. Sista akasimama, nguo nyeupe, mikono ameishika mbele. Akaeleza yote. Mwanamke, ukingo, mtumbwi, huzuni. Alieleza vizuri kuliko alivyonieleza mimi.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Sista, umesema mvua siyo mvua."

"Ndiyo, mzee."

"Na mto siyo mto."

"Ndiyo."

"Na ndege je?"

"Ndege ni barua."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi tumchinje tusome," watu wakacheka kidogo. Mzee hakucheka.

"Sista, wewe ni mgeni na umetutibia watoto, hatuna ugomvi na wewe. Lakini hapa kwetu mtu anayetaja kitu kimoja na kukusudia kingine tunamjua. Mganga anafanya hivyo. Mchawi anafanya hivyo. Mkulima akisema mvua, anataka mvua."

Nilikuwa nimemleta atuokoe. Kumbe nimewaletea shahidi.

Nimelifikiria sana neno la yule mzee, miaka yote hii, nikichambua dagaa, nikingoja usingizi. Na nimeona kitu. Kule kwa Sista mvua ndiyo inayomzuia mume asirudi. Kwetu mvua ndiyo mume mwenyewe, aliyekwenda mbali, unamtandikia, unamfagilia uwanja, unachungulia njia. Sisi tulisimama shambani tunamwimbia mume asirudi nyumbani. Sista hakukosea na mzee hakukosea. Wimbo ulitoka kwenye maji mengi ukaletwa kwenye vumbi, na mimi ndiye niliyeuvusha.

"Haya," mzee akasema, "nani aliuingiza wimbo huu shambani?"

Wanawake wote walijua. Wote wakatazama chini. Nilitaka kusimama. Nasema nilitaka, lakini magoti yalikataa, na mtoto akageuka tumboni kama samaki.

"Mimi," akasema mama mkwe wangu. Hakusimama hata kusimama, alikuwa amekaa na vikongwe wenzake kwenye magunia, miguu ameinyoosha.

"Mama, aliyeongoza ni mkwe wako. Watu walimsikia."

"Aliongoza. Na nani alimwambia aimbe? Si mimi? Mtazameni vizuri huyu. Huyu akiita kuku, kuku wanakimbia. Mvua ndiyo itamsikia?"

Ghala zima likacheka. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa woga, mwenzangu, lakini nilicheka, na kicheko hicho kiliniokoa. Kilipokwisha, watu wote walikuwa wameshageuka wanatazama macho yake mekundu.

Mwenyekiti alisema Chama hakitaki habari za ushirikina. Akafunga daftari, akatoka nje kuangalia baiskeli yake. Hakurudi.

Hawakumpiga. Wengine sehemu nyingine walikatwa mapanga, yeye hawakumpiga. Walimtenga. Kutengwa ni hivi: hakuna kukusalimia. Huombi moto kwa mtu. Kisimani huchoti. Ukiumwa hubebwi, ukifa huzikwi. Na atakayekula na wewe anahesabiwa ni wewe. Wakamtoa kwenye nyumba yetu, mume wangu, baba watoto, akamjengea kibanda chini ziwani, kule ng'ombe wanakonywea. Baba watoto alitaka tuhame wote. Mama akakataa, akasema, "Mkihama wataniua kweli, watasema nimekimbiza na wengine. Kaeni. Mkwe ajifungue."

Sista akahamishwa na wakubwa wake mwezi ule ule. Sikumuaga. Nilikwenda zahanati nikakuta kufuli na mashuka yangu kwenye kamba.

Nilikuwa namtembelea mama kwa kupitia majanini, mchana, watu wakiwa shambani. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini ulisema ni wewe?"

"Si nilikwambia uimbe?"

"Lakini hukujua."

"Na wewe hukujua. Sasa wasiojua wakifa wote wawili, huyo atalelewa na nani?" Akanigusa tumbo kwa kidole, kama alivyokuwa anagusa ugali wangu. Halafu akauliza, "Yule mwanamke wa mtoni, mume wake alirudi?"

"Sista alisema wimbo hausemi."

"Wimbo wa kijinga," akasema.

Yale maji ya ng'ombe yalimpa tumbo la kuhara. Siku ya kwanza alinitania bado. Siku ya tatu hakunitania, nikajua. Baba watoto alizunguka nyumba hadi nyumba kuomba watu wanne tu wa kubeba kitanda, wampeleke kwa daktari. Milango ilikuwa wazi na watu wamo ndani, hakuna aliyetoka. Akambeba mgongoni. Hawakufika mbali.

Kuzika tulizika wawili. Yeye anachimba, mimi na tumbo langu navuta udongo kwa mikono. Tulikuwa tumeshamlaza, hatujafukia hata nusu, mawingu yakaja kutoka ziwani na mvua ikashuka. Mvua ya kweli, ya kupanda, ile tuliyoingoja miezi. Shimo likaanza kujaa maji, ikabidi tuharakishe, tukafukia kama watu wanaoficha kitu. Na kutoka juu kijijini tukasikia vigelegele.

Walikuwa wanashangilia mvua. Lakini na yeye walikuwa wanamshangilia, kwamba amekufa. Mfunga mvua ameondoka, mvua imefunguka. Nani angewaambia nini baada ya hapo?

Nikajifungua mtoto wa kike, ndiye mama wa huyu anayeandika. Mtoto alipoweza kukaa tukavuka kuja Mwanza, tukapanga chumba huku Pasiansi, baba watoto akafanya kazi ya kupakua samaki mpaka Mungu alipomchukua. Mimi nikaanza kuchambua dagaa. Sikuimba tena nikifanya kazi. Watu wa hapa wananijua kwa mdomo, hakuna anayenijua kwa kuimba.

Na ninakuambia haya leo kwa sababu moja. Kule ng'ambo ukoo wetu unaitwa ukoo wa mfunga mvua mpaka sasa. Mjukuu wa shemeji yangu, binti mzuri, ana cheti cha ualimu, juzi alikataliwa uchumba. Wazazi wa kijana walikwenda kuuliza habari za ukoo, wakaambiwa. Binti analia, hajui hata mama mkwe wangu alifanya nini. Na alifanya nini? Alisema neno moja, "Mimi." Na neno hilo lilikuwa langu mimi kulisema.

Nilipofika hapa mjukuu wangu aliweka kalamu chini.

"Bibi, kwa hiyo hujamwambia mtu yeyote?"

"Babu yako alijua."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Aliendelea kula ugali wangu."

Akacheka, halafu akafuta macho. Nikamwambia nataka kwenda kule niwaambie, wale wachache waliobaki na watoto wao, kwamba wimbo ulikuwa wangu. Lakini naogopa. Mzee mzima naogopa kama siku ile ghalani.

"Wakinitenga je?"

"Bibi, watakutenga na nini? Maji ya bomba?"

"Usinitanie. Magoti yakikataa tena je?"

Akaichukua tena kalamu. Kisha akaniahidi, na hili ameliandika mwenyewe bila mimi kumwambia: kwamba Jumamosi tutapanda kivuko cha asubuhi, mimi na yeye. Atawakusanya watu, atanishika mkono mbele yao na hatauachia. Na nikishindwa kusema, atawasomea haya yote kwa sauti, hata pale nilipocheka ghalani.